Timu ikipoa morali, we kiongozi unaanzia wapi?

Nasimamia vijana tisa wa mauzo hapa Dar, tunasambaza maji na juisi madukani kuanzia Temeke, Tandika, Mbagala mpaka Kongowe, na kuna kitu nimekiona muda wote huu. Kazi ngumu watu wanaivumilia bana, ila siku wakishaamini kwamba hata wakijituma vipi hakuna kinachobadilika, hapo morali inakufa na hotuba zako haziifufui. Kwahiyo haya ninayoandika yote yanarudi hapo hapo, mfanye mtu aone jasho lake linafika mahali.

Anza na ukweli, tena mapema. Mwezi wa 4 masika ikikolea huku kwetu kuna mitaa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, haiingii kabisa, na bosi mmoja niliyefanya nae kazi zamani yeye kila asubuhi alikuwa anasema hataki visingizio, tageti ni ile ile, basi watu wanaitikia ndio bosi halafu wakitoka pale wanaenda kukaa kijiweni maana wanajua haiwezekani na hakuna wa kumwambia. Mimi sa hivi nasema wazi, jamani wiki hii Mbagala ya ndani haifikiki, tageti ya mwezi imetuponyoka, sasa leo kila mmoja achague maduka kumi yaliyopo barabarani tuyamalize hayo. Watu wanapumua. Mtu mzima ukimwambia ukweli na ukampa kipande anachokiweza leo, anakifanya.

Angalia Eliud Kipchoge, yule mkimbiaji wa marathoni wa Kenya. Mwaka 2017 pale Monza alitaka kumaliza marathoni chini ya masaa mawili akamaliza kwa 2:00:25, yani amekosa kwa sekunde 26 tu. Ungeweza kuiita imeshindikana, ila wao walichoona ni kwamba sasa kazi iliyobaki inahesabika, na Oktoba 2019 kule Vienna akamaliza kwa 1:59:40, wenzake 41 wakipokezana kumsindikiza. Timu yako nayo ikikosa, waambie imebaki kiasi gani, sema namba kabisa, maana "tumefeli" haimwambii mtu kesho aamke afanye nini.

La pili ndo naliamini kuliko yote, ondoa jiwe njiani. Nina daftari la kurasa mia mbili, kila asubuhi kabla ya kupakia nauliza swali moja tu, jana nini kimekukwamisha? Naandika jina na tatizo. Halafu, na hapa ndo wengi tunaharibu, lazima urudi na jibu hata kama jibu ni "nimeuliza juu wamekataa". Kuna dada kwenye timu alikuwa analalamika kila siku mpaka wenzake wakampa jina, na mimi nikaanza kumuona anaharibu hali ya hewa. Siku nimekaa nae chini vizuri nikakuta hoja yake ni moja, mwenye funguo za stoo anachelewa, gari inatoka saa nne badala ya saa mbili, akifika kwa akina Mangi, wale wenye maduka, anakuta mtu mwingine keshawajazia friji. Tukachonga funguo ya pili, tena kwa hela ndogo tu. Malalamiko yakaisha na sa hivi yeye ndo anawatuliza wageni. Kwahiyo usimkimbilie mlalamikaji kumnyamazisha, mara nyingi ndo bado anajali, muogope aliyeacha kusema.

Kusifu nako kuna namna yake. "Kazi nzuri timu" haimgusi mtu. Sema ulichokiona: jana ulirudi kwa yule Mangi aliyekukataa mara tatu na ameagiza katoni kumi. Kosa lizungumze pembeni mkiwa wawili, asilani usimwanike mtu kwenye grupu la WhatsApp, pale hata ukifuta meseji ishasomwa na watu wamelala nayo.

Na ubebe katoni na wewe mwenyewe. Kambi ya Kaptagat karibu na Eldoret, anakofanyia mazoezi Kipchoge chini ya kocha Patrick Sang, usafi unafanywa kwa zamu na yeye bingwa zamu yake ikifika anasafisha choo kama wengine. Mimi siku gari ikiwa nzito nashuka napakia, sisemi chochote, ila naona kabisa vijana wanavyobadilika.

Kitu kimoja usikifanye, usimlazimishe mtu kuchangamka. Mwenye msiba au mtoto mgonjwa ukimwambia "kuwa pozitivu" unamuumiza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iliweka angalau siku 4 za ruhusa yenye malipo kwa mtu aliyefiwa na mzazi, mwenza au mtoto, kwahiyo asije akakuomba kama hisani, mpe, halafu changisheni na muende msibani, hata kama ni wawili tu kwa niaba ya wote.

Ukitaka kuanza jumatatu, nunua daftari, uliza lile swali. Siku za kwanza watakujibu "hamna shida bosi" maana hawakuamini bado. Chagua tatizo moja dogo unalolijua mwenyewe, litatue kabla ya ijumaa, halafu uliza tena.