Namna ya Kukusanya na Kutambua Minyoo Duara wa Maji ya Chumvi, kutoka Momella hadi Pwani

Mwanafunzi wa biolojia aliyeko Arusha hahitaji kusubiri safari ya Tanga ili awafahamu minyoo duara wanaoishi huru, yaani wasiomnyonya mnyama wala mmea, kwa kuwa maziwa ya Momella, katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, yana chumvi, ingawa ni ya magadi, si ya bahari. Tofauti hiyo huwaponyoka wengi wanapolinganisha maziwa hayo na wangwa wa pwani. Kipimo cha chumvi kinachotumia mwanga hurekebishwa kwa maji ya bahari, hivyo kwenye magadi hudanganya. Pima upitishaji wa umeme pamoja na pH, ambayo baharini hukaribia 8 na kwenye magadi aghalabu hupita 9. Kibali kitangulie: TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, zina makao makuu Arusha.

Kata ncha ya bomba la sindano la mililita 50, lizamishe wima katika tope, kisha sukuma tope litoke na kulikata vipande vya sentimita moja moja. Usivichanganye. Minyoo wengi hukaa juu penye oksijeni, na pale tope linapogeuka jeusi na kunuka yai viza hupungua, ijapokuwa huko pwani minyoo wa jenasi Terschellingia na Sabatieria huvumilia hali hiyo. Hifadhi kila kipande katika fomalini ya asilimia 4, ukivaa glavu, na lebo uiandike kwa penseli.

Maabarani, koroga tope ndooni, acha mchanga utue, kisha mimina maji ya juu kupitia chekeche la milimita 1 na la maikromita 38 chini yake. Rudia mara kadhaa. Minyoo waliobaki kwenye chekeche la chini wahamishie katika glisirini polepole, maana ukiharakisha hunywea na hawafai tena.

Chini ya hadubini anza na dume aliyekomaa, kwa sababu umbo la spikula, viungo vyake vigumu vya kujamiiana, ndilo hutenganisha spishi nyingi. Kichwani tafuta amfidi, tundu la kunusia: la mfano wa mfuko huelekeza kwenye oda ya Enoplida, la duara kwenye oda ya Monhysterida, na lililojizungusha kama gamba la konokono ni la akina Sabatieria. Kinywa nacho kieleze kwa makini, kwani mgawanyo wa mtafiti Wieser wa mwaka 1953, wa minyoo kwa namna wanavyokula, unaotofautisha wasio na meno, wakwanguaji wa mwani na wawindaji, husaidia hata jina la spishi likikosekana. Mnyoo mchanga asiye na viungo vya uzazi mwandike kwa jenasi tu.