Kigari cha gofu kinatambaa mlimani? Tafuta betri iliyochoka kabla ya kununua seti

Hoteli nyingi za pwani, kuanzia Diani hadi Nungwi, hubebea wageni na mizigo kwa vigari vya gofu vilivyonunuliwa vikiwa vimeshatumika. Malalamiko ni yale yale: asubuhi kinatoka vizuri, mchana kinatambaa. Ushauri wa haraka huwa ni kununua seti nzima ya betri. Subiri kwanza. Betri hizi zimeungwa kwa mfuatano, kwa hiyo umeme wote unapita ndani ya kila moja. Ikichoka moja, kigari kizima kinaonekana kimechoka.

Somo hili ni la betri za asidi, zile zinazoongezwa maji. Za lithiamu zina mambo yake.

1. Usigeuke mkaa. Vua saa na pete, vaa miwani ya kinga, zungushia mpini wa spana tepu ya umeme. Spana ikigusa vichwa viwili vya betri inajichomelea hapo hapo. Sigara iwe mbali, maana betri ikichajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka.

2. Kisukume. Kama kina swichi ya kuvutwa (imeandikwa Tow), iweke hapo, kisha sukuma kigari kwa mkono kwenye sakafu sawa. Kikiwa kizito, breki zimeshika au matairi hayana upepo wa kutosha. Chaji inaishia huko, na betri zinasingiziwa.

3. Hesabu vifuniko. Kila kifuniko ni seli moja ya volti 2 na kidogo. Betri yenye vitatu ni ya volti 6, vinne ni volti 8, sita ni volti 12.

4. Pima ikiwa imepumzika. Chaji mpaka ijae, chomoa, iache saa kadhaa. Ikilala hivyo mpaka kesho ni bora zaidi. Ukipima pale pale baada ya kuchomoa, testa (mita ya volti) itakupa namba nzuri ya uongo. Betri ya volti 6 iliyojaa husoma kama 6.37, ya volti 8 kama 8.49, na pakiti, yaani seti nzima, ya volti 48 inakaribia 51. Wengi wakiona 48 kamili huridhika, kumbe hapo imebaki chini kidogo ya nusu. Betri ya volti 8 ikisoma 6 na kitu wakati wenzake wana 8.4, seli moja imekufa na umeshamaliza kazi.

5. Pima ikiwa kazini. Hii ndiyo hatua ambayo mafundi wengi huiruka, na ndiyo inayosema ukweli. Betri mbovu inaweza kupumzika ikiwa na volti nzuri kabisa, halafu ikaanguka mara tu motor inapovuta. Bana waya za testa kwenye betri ya kwanza, pakia watu, mwenzako akipandishe mlimani huku wewe unasoma. Rudia kwa kila betri, mlima ule ule, mzigo ule ule, na uandike. Tuseme betri ni sita za volti 8, tano zimeshuka hadi 7.7 na moja ikaenda 6.2: huyo ndiye mgonjwa. Zikishuka zote pamoja, seti imezeeka kweli.

6. Nyaya. Chumvi ya bahari haina huruma na viungo vya shaba. Weka ncha moja ya testa kwenye kichwa cha betri hii na nyingine kwenye kichwa cha betri jirani kilichounganishwa nacho, kisha kigari kivute. Namba iwe karibu na sifuri. Ukiona nusu volti na motor inavuta ampia 150, wati 75 zinageuka joto kwenye kiungo kimoja tu. Fungua waya hasi ya pakiti kwanza, ndipo usugue kwa brashi na maji ya bekingi soda. Vifuniko viwe vimefungwa barabara. Soda ikiingia ndani inaua asidi.

7. Haidromita. Hiki ni kipimo kinachofyonza asidi kidogo ya seli na kuonyesha uzito wake ukilinganishwa na maji. Seli iliyojaa husoma karibu 1.270. Seli moja ikipishana na wenzake kwa 0.050 au zaidi, imethibitika kuwa mbovu.

Je, ubadilishe moja au zote? Seti ikiwa na mwaka mmoja hivi, badilisha moja. Ikiwa na miaka minne au mitano, betri mpya itachoshwa na vikongwe, na pesa yako itapotea.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo fundi. Nimekuta maji yamekauka mpaka pleti zinaonekana. Nijaze maji ya betri?
Marahaba. Soma chupa kwanza, kwa sababu kuna maduka yanayoita asidi pia "maji ya betri". Wewe unataka maji yaliyokenekwa (distilled water), asidi usiongeze. Funika pleti tu, chaji, ndipo ujaze vizuri. Ukijaza pomoni kabla ya kuchaji, asidi itafurika.

Fundi, chaja haiwaki kabisa kwenye kigari hiki, lakini kwenye kile kingine inawaka.
Chaja nyingi za zamani lazima zione volti kwenye pakiti ndipo ziwake. Pakiti ikishuka mno, zinanyamaza. Chukua betri mbili za volti 6 zilizoungana, zichaji kama moja ya volti 12 kwa chaja ya gari, kisha mbili zinazofuata, hadi chaja yako iitambue pakiti. Kama ni Club Car ya zamani ya volti 48, kumbuka ina kompyuta ndogo inayoamuru chaja. Ikiharibika, chaja haiwaki hata betri zikiwa nzima.

Betri zote zimepima sawa hata mlimani, lakini nikikanyaga nasikia "tak" na hakiendi.
Hapo waache betri. Inua magurudumu ya nyuma, weka stendi imara, kisha pima kati ya vichwa viwili vikubwa vya solenoidi (swichi kubwa inayopitisha umeme wa betri kwenda kwenye motor) huku mtu amekanyaga pedeli. Ikilia na bado testa inaonyesha volti zote za pakiti, kontakti za ndani zimeungua, na solenoidi ni bei ndogo kuliko betri. Ikisoma karibu sifuri, umeme unapita. Endelea kwenye kontrola (kisanduku kinachoongoza umeme wa motor), halafu brashi za motor.