Namna ya kuendesha tuzo ya kitabu cha kwanza kutoka Mwanza

Tuzo ya kitabu cha kwanza ina ugumu ambao tuzo nyingine hazina: mshiriki harudi. Mwandishi wa riwaya ya tano akikosa mwaka huu, ataleta ya sita. Huyu wa kwanza akikosa kwa sababu kifurushi chake kililala stendi ya Nyegezi wiki mbili, au kwa sababu kanuni ziliandikwa ovyo, nafasi yake imekwisha. Kwa hiyo kabla ya kumtafuta mfadhili na mgeni rasmi, kaeni na kanuni. Maelekezo haya ni kwa kamati ya watu watano hadi saba, iwe Mwanza mjini, Nansio, Sengerema, Bukoba au Musoma, inayotaka kutoa tuzo kila mwaka kwa vitabu vya Kiswahili.

Tuzo za miswada msiziige. Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa 2023, na ile ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, tayari zinapokea miswada. Pengo liko kwa mtu aliyekwisha kuchapa, mara nyingi kwa fedha zake mwenyewe, na sasa ana maboksi ya vitabu sebuleni.

Kitabu cha kwanza ni kipi?

Ugomvi mwingi huanzia hapa, na hutokea baada ya mshindi kutangazwa, mtu anapoibuka na kijitabu cha zamani chenye jina la mshindi. Anzeni na kipimo cha UNESCO cha mwaka 1964: kitabu ni chapisho lisilo la mfululizo, lenye kurasa zisizopungua 49 bila kuhesabu majalada. Kwa kipimo hicho, kijitabu cha mashairi cha kurasa 32 alichogawa mtu kanisani hakimwondolei haki. Kisha amueni haya kwa maandishi, moja moja:

Hadithi moja ndani ya mkusanyiko wa waandishi wengi haihesabiki. Kitabu cha kiada, kama cha Hisabati au Biolojia, nacho kisihesabiwe. Tuzo ni ya ubunifu, na waalimu wengi wa Kanda ya Ziwa wameandika vitabu vya masomo kabla ya kuthubutu riwaya. Kitabu kilichotoka kwa jina la bandia kinahesabiwa. Toleo la pili la kitabu kilekile linabeba tarehe ya toleo la kwanza. Kilichoandikwa na watu wawili kinakubaliwa ikiwa ni cha kwanza kwa wote wawili.

Gumu zaidi ni hadithi za WhatsApp na Facebook. Waandishi wengi hutoa vipande kila siku, kisha huuza hadithi nzima kama PDF kwa M-Pesa. Ushauri wetu: vipande visihesabiwe, na PDF iliyouzwa bila ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, isihesabiwe pia. Mkisema inahesabiwa, mtakuwa mmewafungia mlango karibu wote wanaoandika bila kampuni nyuma yao, na hamtakuwa na njia ya kuthibitisha tarehe ya faili.

Tarehe ya kitabu cha karatasi huthibitishwa kwa vitu viwili: ukurasa wa hakimiliki, na risiti ya mchapaji ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi. ISBN hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Vitabu vingi vya nchini vina 9976 au 9987 baada ya 978. Mkiona namba isiyolingana na mchapishaji, ulizeni kabla ya kukataa. Wapo wanaonakili namba ya kitabu kingine kwa kutojua, na hilo hurekebishika.

Umri msiuweke. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa 1980, akiwa amevuka miaka themanini. Alifariki mwaka uliofuata. Sharti la “chini ya miaka 35”, ambalo wafadhili hulipenda, lingemtoa nje. Kwa sababu hiyohiyo ruhusuni kitabu ambacho mwandishi amekitafsiri mwenyewe kutoka Kisukuma, Kikerewe, Kijita au Kihaya.

Kuhusu “maadili”: msiyafanye kuwa kichujio cha awali. Riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, naye mzaliwa wa Ukerewe, ilitoka 1971 ikapigwa marufuku shuleni, na leo inahesabiwa miongoni mwa riwaya kuu za Kiswahili. Jaji ana haki ya kuona jambo limeandikwa vibaya. Kulikataa kwa kuwa limeandikwa si kazi yake.

Dirisha la muda

Hamuwezi kupima riwaya na diwani ya mashairi kwa mizani moja, na fedha za kutoa tuzo mbili huenda hamna. Kupokezana ni suluhisho zuri, mwaka huu nathari (riwaya na hadithi fupi), mwaka ujao ushairi, lakini dirisha, yaani kipindi ambacho kitabu kiwe kimechapwa ndani yake, lazima liwe la miaka miwili. Likiwa la mwaka mmoja, mshairi aliyechapa katika mwaka wa nathari hatashiriki maisha yake yote. Andikeni pia kwamba majaji wakiona hakuna anayestahili, vitabu vya awamu hiyo vitaingia tena awamu inayofuata ya fani ileile. Kifungu hiki husahaulika kuliko vyote.

Kupokea vitabu

Tangazeni mwezi Januari, fungeni Machi 31. Matangazo ya redio yanasaidia, lakini karatasi iliyobandikwa kwa wachapaji na kwenye steshenari huwafikia wahusika kwa uhakika zaidi, maana kila anayejichapia hupita hapo. Mjulisheni afisa utamaduni wa halmashauri mapema. Atawaambia vibali gani vinahitajika kwa mashindano na kwa hafla.

Ombeni nakala mbili tu mwanzoni. Kudai nakala sita kwa mtu aliyechapa mia moja ni kumtoza ada kwa mlango wa nyuma. Watakaoingia tano bora ndio waongeze nne, au kamati izinunue. Ada ya kushiriki tunaikataa kabisa.

Tarehe inayohesabika iwe ya risiti ya kifurushi, si ya kupokelewa. Kifurushi cha Nansio kinategemea meli, na ziwa likichafuka hakifiki. Katibu awe na daftari lenye namba ya mfululizo, tarehe ya risiti, jina la kitabu, mwandishi, ISBN, mwezi wa kuchapwa na idadi ya nakala. Ujumbe wa simu uende kwa mwandishi siku hiyohiyo: “Kitabu chako tumekipokea, namba 14.” Asiyepata ujumbe ndani ya siku kumi anajua afuatilie. Teueni mtu mmoja wa kuzunguka stendi za Nyegezi na Nyamhongolo kila Jumatatu na Alhamisi hadi wiki mbili baada ya kufunga.

Kusoma

Tuseme mmepata vitabu 30. Kila kimoja kisomwe na wasomaji wawili wa awali, yaani usomaji 60. Mkiwa na wasomaji sita, kila mmoja ana vitabu kumi. Kitabu cha kurasa 200 huchukua saa tano hadi sita, hivyo wiki nane, Aprili na Mei, zinatosha bila kukimbizana. Waalimu wa Kiswahili ni wasomaji wazuri. Msiwape kazi hii Oktoba na Novemba, wakati wa mitihani ya taifa.

Msomaji wa awali asitoe alama. Aandike “ndiyo”, “labda” au “hapana”, na sentensi tatu za sababu. Kitabu kitoke tu kikipata “hapana” mbili. “Ndiyo” ikikutana na “hapana”, asome wa tatu. Vitabu vya kwanza huwa havina usawa: sura tatu za mwanzo dhaifu, kisha hadithi inashika. Kwa hiyo anayesema “hapana” awe amefika angalau ukurasa wa 60, na aeleze kilichomo humo.

Majaji wa mwisho wawe watatu, na mmoja wa akiba anayesoma tano bora zote. Wa akiba si pambo. Duru ya waandishi hapa ni ndogo. Mhadhiri wa SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, atakutana na mwanafunzi wake, mhariri atakutana na kitabu alichokihariri. Kila jaji asaini karatasi ya kutaja udugu, ualimu, uhariri, biashara au deni kati yake na washiriki. Mwenye uhusiano hutoka chumbani na wa akiba hukaa. Kuficha majina hakusaidii kwa vitabu vilivyochapwa, msipoteze muda.

Sasa alama. Kosa la kawaida ni kujumlisha. Tazameni vitabu viwili, A na B. Jaji wa kwanza anampa A 72 na B 70. Wa pili anampa A 75 na B 72. Wa tatu anampa A 30 na B 85. Jumla: A 177, B 227. Majaji wawili kati ya watatu wanaona A ni bora, lakini B ameshinda kwa mbali kwa sababu jaji mmoja hutumia kipimo kirefu na wenzake hubana alama. Dawa ni kila jaji kupanga vitabu vitano kwa nafasi, cha kwanza hadi cha tano, na kuleta orodha hiyo kwenye kikao. Zungumzeni kila kitabu dakika zisizopungua thelathini, mkianza na kile ambacho hakuna aliyekiweka juu, kisha kila mmoja apange upya kwa siri. Kura zikigongana, linganisheni viwili vya juu kwa kura ya moja kwa moja.

Makosa ya uhariri yapewe uzito mdogo. Mwandishi huyu hakuwa na mhariri. Lakini sentensi zisizoeleweka hata ukisoma mara mbili si suala la uhariri tena.

Fedha

Bajeti ya shilingi milioni 7.5 inatosha kuanza: mshindi milioni 2, wawili wanaofuata laki tano kila mmoja, majaji wanne laki tatu kila mmoja, wasomaji sita laki moja kila mmoja, nakala 100 za kitabu cha mshindi kwa 15,000, yaani milioni 1.5, vifurushi na nauli laki nne, hafla laki nane. Hafla ikianza kula fungu la majaji, punguzeni viti na chakula.

Fedha ziwe benki kabla ya tangazo, akaunti ya watia saini watatu. Tuzo ya Etisalat, iliyoanza 2013 kwa ajili ya vitabu vya kwanza vya Waafrika, ilibadilika jina pale kampuni ya simu ya Nigeria iliyoifadhili ilipogeuka kuwa 9mobile mwaka 2017. Guardian First Book Award ya Uingereza, iliyoanza 1999, ilikoma baada ya tuzo ya 2015. Kama hata hizo zilifuata hatima ya mwenye mfuko, ninyi tafuteni wachangiaji watatu au wanne wadogo, na msiuze jina la tuzo. Kuhusu kodi ya zuio, ulizeni ofisi ya Mamlaka ya Mapato (TRA) kabla ya kutangaza kiasi.

Zile nakala 100 tuzitetee. Waliojichapia huwa wamebakiwa na nakala chache, na mshindi akitangazwa kitabu hakipatikani popote. Wapeni taarifa walioingia tano bora mwezi Juni ili wajipange na mchapaji. Tangazeni mshindi Septemba 8, Siku ya Kisomo Duniani. Julai 7, Siku ya Kiswahili, ina shughuli nyingi mno. Nakala zilizonunuliwa ziende shule za sekondari za Ukerewe, Sengerema na Magu, na mbili zibaki Maktaba ya Mkoa.

Ndani ya wiki mbili baada ya hafla, kila aliyeshiriki arudishiwe sentensi tatu za wasomaji wake wawili, bila majina yao. Daftari la mapokezi, karatasi za mahusiano na muhtasari wa kikao vitunzwe miaka mitatu. Ikibainika kitabu kilipotea mikononi mwenu baada ya kupokelewa, kiingizwe awamu inayofuata ya fani yake hata kama dirisha limefungwa, na hilo nalo liandikwe kwenye kanuni.