Kupunguza Mafuta na Kujenga Misuli Ukiwa na Mgongo Uliowahi Kuumia

Gunia la viazi la lumbesa, lile lenye kilemba kilichoshonewa juu kwa kamba, huzidi kilo 100 zinazoruhusiwa na sheria ya vipimo, na ni gunia la namna hiyo lililoniumiza mgongo tulipokuwa tukipakia lori Uyole, Mbeya, mwaka 2013. Daktari alinieleza kwamba diski, ule mto laini ulio kati ya pingili ya nne na ya tano za kiunoni ilikuwa imechomoza na kugusa neva, na ndiyo sababu maumivu yalikuwa yakishuka mguuni hadi kwenye kidole gumba. Baada ya miezi michache maumivu makali yaliisha, lakini woga ulibaki, nami nikajitunza kama yai kwa miaka mitatu: sikuinua kitu, sikutembea mwendo mrefu, nikanenepa hadi kilo 91, na bado kiuno kikaendelea kuniuma kila mara baridi ya mwezi wa saba ilipoingia. Haya ninayoyaeleza ndiyo yaliyoniondoa huko, pamoja na makosa niliyoyafanya njiani.

Maelezo haya ni ya mtu ambaye jeraha lake ni la zamani na ambaye amekwisha kupimwa na daktari. Ukipata ganzi sehemu za siri au katikati ya mapaja, ukishindwa kuzuia au kutoa mkojo au choo, mguu ukilegea ghafla, au maumivu ya mgongo yakija pamoja na homa au na kukonda usikokutarajia, achana na mazoezi uende hospitali siku hiyo hiyo. Ikiwa katika eneo lako yupo mtaalamu wa fiziotherapia, mwone walau mara moja kabla ya kuanza, kwa sababu jicho lake litaona mkao ambao wewe mwenyewe huwezi kuuona.

Jambo la kwanza la kubadilisha ni saa ya mazoezi. Tunapolala, diski za uti wa mgongo hufyonza maji na kuvimba kidogo, hivyo mtu anapoamka mgongo wake huwa mgumu na diski hubanwa zaidi anapoinama. Wengi wetu Mbeya tuna desturi ya kukimbia alfajiri, na kwa mwenye mgongo mzima hakuna ubaya, lakini wewe subiri walau saa nzima baada ya kuamka, utembee ndani ya nyumba, unywe chai, ndipo uanze. Mimi hufanya mazoezi jioni, saa kumi na moja, mwili ukiwa umekwisha kuchangamka, na katika miezi ya Juni na Julai huvaa sweta hadi jasho linitoke.

Jambo la pili, na hapa ndipo ningekuomba ukae muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote, ni kujifunza kuinama kwa nyonga badala ya kiuno. Chukua mpini wa fagio au wa jembe, uuweke wima mgongoni, mkono mmoja ukiushika nyuma ya shingo na mwingine nyuma ya kiuno, kisha uhakikishe kwamba unagusa mahali patatu: kisogo, sehemu ya juu ya mgongo, na kifandugu. Simama hatua moja ndogo mbele ya ukuta ukiupa mgongo, legeza magoti kidogo, halafu sukuma makalio nyuma kana kwamba unafunga mlango kwa makalio huku mikono imejaa vyombo. Kifua kitashuka chenyewe. Makalio yakigusa ukuta na mpini ukawa bado unagusa mahali pote patatu, umeinama vizuri. Mpini ukiachana na kifandugu au na kisogo, uti wa mgongo umepinda na unatakiwa kurudia. Rudia mara kumi, sogea mbele nusu ya unyayo, uendelee mpaka unapohisi misuli ya nyuma ya mapaja ikivutika kama kamba.

Mimi nilifanya zoezi hilo moja kwa wiki tatu kabla ya kushika uzito wowote, nikaona aibu kidogo kwa sababu watoto wa jirani walikuwa wakinichungulia na kucheka. Lakini baada ya wiki hizo niligundua kwamba nilikuwa nikiinama vibaya mara nyingi sana kwa siku: kuokota sabuni, kuchochea mkaa, kufunga kamba za viatu. Mazoezi ya nusu saa hayawezi kufidia siku nzima ya kuinama ovyo, kwa hiyo mpini huo unafundisha pia namna ya kuishi.

Sambamba na hilo, fanya kila siku mazoezi matatu ya sakafuni ambayo Profesa Stuart McGill wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, aliyapa umaarufu kwa watu wenye maumivu ya mgongo. Katika zoezi la kwanza, lala chali, kunja goti moja, weka viganja chini ya kiuno ili kisibonyee, kisha inua kichwa na mabega kidogo tu kutoka kwenye mkeka. La pili ni kulala ubavu na kujiinua kwa kiwiko, magoti yakiwa yamekunjwa kwa anayeanza, ili mwili unyooke kutoka begani hadi magotini. Katika la tatu, piga magoti na kuweka mikono chini, kisha nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto kwa pamoja bila kiuno kuyumba, halafu ubadilishe. Kila mara shikilia kwa sekunde nane hadi kumi, pumzi zikiendelea kama kawaida. Kazi ya mazoezi haya ni kuifundisha misuli ya tumbo na mgongo kuvumilia na kuushika uti mahali pake, na hayakusudiwi kukupa tumbo la mistari. Zile sitapu za kukunja mwili mzima mara mia, tulizofanyishwa shuleni, ziache kabisa.

Sasa misuli. Watu wengi hudhani kwamba pasipo chuma kizito hakuna misuli, na imani hiyo ndiyo inayowarudisha wenye migongo kama yetu hospitalini. Tafiti za mazoezi zimekwisha kuonyesha kwamba uzito mwepesi hujenga misuli sawasawa na mzito, mradi tu marudio yaendelee hadi misuli ikaribie kuchoka kabisa. Hiyo ni habari njema kwetu, kwa sababu inamaanisha dumu la maji linatosha. Lita moja ya maji ni kilo moja. Dumu la lita tano ni kilo tano na la lita kumi ni kilo kumi, na unaweza kuongeza nusu kilo kwa wakati, jambo ambalo vyuma vingi vya jimu haviruhusu.

Fanya mazoezi ya nguvu siku tatu kwa wiki, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kwa miguu, kumbatia dumu kifuani na kuchuchumaa hadi kwenye kigoda, kisha usimame. Baadaye weka mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, ushuke wima, kwani mguu mmoja ukifanya kazi peke yake huchoka kwa uzito mdogo na kiuno hakibebi mzigo mkubwa. Kwa makalio, lala chali, kunja magoti, na uinue nyonga. Kwa kifua, piga pushapu, ukianza na mikono juu ya meza au ukuta ikiwa za chini zinakishusha kiuno. Kwa mgongo wa juu, egemeza mkono mmoja na goti moja kwenye benchi, na kwa mkono mwingine vuta dumu kuelekea nyonga. Benchi hilo linakubebea kiwiliwili, kwa hiyo usilifanye zoezi hili ukiwa umeinama hewani. Malizia kwa kubeba dumu mkono mmoja tu na kutembea hatua arobaini ukiwa umenyooka, kisha ubadilishe mkono. Zoezi hili la mwisho linaonekana la kitoto, lakini kesho yake mbavu zitakueleza.

Kwa kila zoezi, seti (yaani mizunguko) mbili hadi tatu za marudio 8 hadi 15 zinatosha, ukishusha uzito taratibu kwa sekunde tatu, ukitoa pumzi unapoinua, na ukiacha marudio mawili mwilini, yaani ukome ukiwa bado ungeweza kurudia mara mbili tu. Ukifikisha 15 katika seti zote bila mkao kuharibika, ongeza lita moja. Kuhusu maumivu, hukumu yake ni ya asubuhi inayofuata. Misuli inayouma unapoibonyeza ni jambo la kawaida. Lakini ukiamka kiuno kigumu kuliko jana, au maumivu yakianza kushuka kuelekea mguuni, uzito wa jana ulizidi, na siku inayofuata ya zoezi upunguze nusu. Mimi nina kipimo changu cha soksi: saa moja baada ya kuamka hukaa kitini na kuvaa soksi, na kwa namna mguu unavyokubali au kukataa hujua jioni nitafanya nini. Kamwe usimeze dawa ya maumivu ili uweze kufanya zoezi, maana utakuwa umemfunga mdomo shahidi pekee uliyenaye.

Mwaka wa pili wa mazoezi nilisahau kwamba uzito huongezwa kidogo kidogo. Niliingia jimu moja mjini, mwalimu akaniona ninachuchumaa vizuri, akanitaka ninyanyue chuma cha kilo 80 kutoka sakafuni siku hiyo hiyo, nami nikaona haya kukataa mbele ya vijana. Kilinyanyuka, ila nililala kitandani siku tisa. Kosa lilikuwa langu zaidi kuliko lake, kwa sababu sikumwambia habari ya mgongo. Ukienda jimu, sema mlangoni.

Siku za shamba nazo zihesabiwe. Mvua zinapoanza mwezi wa kumi na moja, mtu akilima kwa jembe la mkono asubuhi nzima, kiuno kimekwisha kufanya kazi yake ya siku mbili. Siku hiyo usiguse dumu, na ukiweza tia jembe mpini mrefu na upumzike kwa kusimama wima kila baada ya robo saa. Kukaa kwenye bodaboda au haisi kwenye barabara mbovu kwa saa nyingi nako kunahesabika.

Tukija kwenye mafuta, ukweli ni kwamba kitambi hupungua zaidi mezani kuliko kwenye mazoezi. Nyanda za juu hatuna shida ya chakula. Shida yetu ni sahani inayojazwa wanga hadi ukingoni na kitoweo cha kupakia pembeni. Ugali, wali wa Kyela, ndizi za Tukuyu, viazi: vyote ni vyakula vizuri, lakini kwenye sahani moja chagua kimoja, kiwe kiasi cha ngumi yako moja au moja na nusu, nusu ya sahani iwe mboga za majani, na sehemu iliyobaki iwe ya protini. Kisha uangalie mafuta ya kupikia, kwa sababu kijiko kimoja cha chakula kina kalori 120 hivi, na wapishi wetu humimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu. Parachichi la Rungwe ni chakula bora, ila nusu inatosha. Chai yenye sukari vijiko vinne mara tatu kwa siku, soda, na pombe zetu za kienyeji, kimpumu na ulanzi, vimewanenepesha watu wengi wanaoapa kwamba hawali sana.

Protini ndiyo inayolinda misuli unapopungua, na kiasi kinachofaa ni gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito unaoulenga. Mtu anayelenga kilo 75 anahitaji gramu 120 kwa siku, na haihitaji unga wa madukani. Mayai matatu yana gramu 18, nusu lita ya maziwa 16, vikombe viwili vya maharage yaliyoiva 30, gramu 50 za usipa mkavu, dagaa wa Ziwa Nyasa, karibu 30, karanga za kiganja kimoja 8, na unga wa ugali wa siku nzima huchangia kiasi kilichobaki. Mwenye ugonjwa wa figo asipandishe protini bila kumwuliza daktari.

Lenga kupungua nusu kilo kwa wiki. Ukipungua haraka zaidi kwa muda mrefu, misuli nayo itaondoka. Jipime kwenye mizani asubuhi mara moja kwa wiki, na kwa utepe wa fundi cherehani pima kiuno usawa wa kitovu. Zipo wiki ambazo mizani haitasogea ilhali utepe umepungua sentimita moja, na hapo jua kwamba mafuta yanatoka huku misuli ikiingia. Siku zisizo za nguvu tembea kwa kasi dakika 30 hadi 45. Kwetu kila barabara ni kilima, kwa hiyo huhitaji kukimbia. Panda kwa haraka, shuka polepole kwa hatua fupi, kwa maana ni kwenye kushuka ndipo mgongo hupigwa mishtuko. Usiku lala ubavu ukiwa na mto katikati ya magoti, na ulale saa saba au nane.

Nilichukua miezi kumi na minne kutoka kilo 91 hadi 77, na kiuno kutoka sentimita 106 hadi 88. Lumbesa sijaigusa tena. Viazi vya nyumbani nanunua ndoo ya lita ishirini pale soko la Mwanjelwa, nagawa kwenye mifuko miwili inayolingana, nainama kwa nyonga, nachukua mmoja kila mkono, na natembea nao hadi kituo cha bajaji.