Kabla ya Kwenda Nyumba ya Karen Blixen: Mambo ya Kuzingatia

Nyumba yenyewe si kubwa. Ukiingia mlango wa mbele ukapita chumba baada ya chumba bila kusimama, dakika kumi na tano zitakutosha, na utatoka nje ukijiuliza kiingilio umelipia nini. Nimewapeleka wageni pale mara nyingi: wakwe, wanafunzi, binamu waliotoka Mombasa. Nimeona wazi kwamba anayefurahia na anayechoka hutofautiana tangu nyumbani, kabla hawajapanda gari. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa ni mambo ya kushughulikia siku mbili tatu kabla ya safari.

Anza kwa kujua unakwenda kwa nani. Nyumba ilijengwa mwaka 1912 na Mswidi aitwaye Åke Sjögren, chini ya vilima vya Ngong, kusini magharibi mwa jiji la Nairobi. Karen alikuwa mwandishi, Mdenmaki. Aliteremka melini Mombasa Januari 1914 na kufunga ndoa papo hapo mjini, tarehe 14 ya mwezi huo, na Bror von Blixen-Finecke. Nyumba hii walihamia mwaka 1917. Walitengana 1921, talaka ikaja 1925, na yeye akabaki akiendesha shamba la kahawa hadi lilipomshinda mwaka 1931 akarudi kwao. Serikali ya Denmark iliinunua nyumba na kuikabidhi Kenya kama zawadi ya uhuru, na makumbusho yakafunguliwa mwaka 1986. Inaitwa Mbogani. Sisi wenye Kiswahili tukilisikia jina hilo tunafikiria mboga, lakini maelezo ya siku zote ni kwamba maana yake ni nyumba ya msituni. Ukikisikia kisa hicho pale usibishane sana; sikiliza, kisha tazama miti iliyoizunguka.

Jambo la pili ni filamu. Ile ya mwaka 1985, Out of Africa, iliyotokana na maisha yake, ndiyo iliyoifanya dunia nzima iitafute nyumba hii, na wageni wengi huja wakitaka kuona chumba walichokiona kwenye skrini. Nyumba ya kwenye filamu si hii. Baadhi ya fanicha na mavazi yaliyotumika katika filamu yaliletwa hapa baadaye, yakachanganyika na vitu vilivyokuwa vyake mwenyewe. Basi ukisimama mbele ya kitu, iwe kiti, kabati au jozi ya viatu vya kupandia farasi, muulize mwongozaji: hiki ni chake, ni cha filamu, au ni cha enzi zile tu? Swali hilo moja hubadilisha ziara nzima. Waongozaji wanalipenda, kwa sababu linawaonyesha kwamba hukuja kupiga picha tu.

La tatu ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote, na ningekuomba usilikwepe. Fikiria ardhi. Kwa hesabu aliyoiandika mwenyewe Karen, alikuwa na ekari 6,000. Kahawa ilichukua kama ekari 600, nyingine zilikuwa msitu, na kama ekari 1,000 zilikaliwa na familia za Wakikuyu alizoziita maskwota, yaani watu walioruhusiwa kujenga, kulima na kufuga kwenye ardhi iliyoandikwa jina la mzungu, kwa malipo ya jasho lao. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka skwota afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Hebu lifikirie hilo ukiwa bado nyumbani: nusu ya mwaka unamlimia mwingine ili uruhusiwe kuishi mahali ambapo baadhi ya wazee wako walizaliwa. Karen aliwapenda watu wale kwa namna yake. Shamba lilipouzwa alihangaika kwenye ofisi za serikali ya kikoloni hadi wakapewa mahali pa kuhamia pamoja, bila kutawanywa. Hilo ni kweli na linamstahili sifa. Kweli pia ni kwamba aliandika juu yao kwa jicho la bwana anayemtazama mtumishi, na Ngũgĩ wa Thiong'o alimkosoa kwa ukali kuhusu hilo, tena akiwa Denmark kwenyewe. Ukienda na pande zote mbili kichwani, kila chumba kitakuwa na la kukuambia.

Kama una muda wa kusoma, soma kurasa chache za kumbukumbu zake za mwaka 1937, kitabu kiitwacho pia Out of Africa. Halafu, ukibahatika, tafuta na masimulizi ya Kamante Gatura, aliyekuwa mpishi wake, yaliyochapishwa mwaka 1975. Huyu aliletwa kwake akiwa mtoto mwenye vidonda vya miguu, akatibiwa hospitali ya misheni, akaja kuwa mpishi ambaye wageni walimsifu. Anaizungumzia nyumba ile ile kutoka jikoni. Kwa watoto, hata kuwasimulia tu kisa hicho garini kunatosha. Wakifika watakuwa wanatafuta jiko la Kamante, na hawatalalamika kwamba makumbusho hayana michezo.

Sasa ya vitendo, na haya nitayapita upesi. Makumbusho hufunguliwa kila siku kuanzia saa mbili unusu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Yako chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, na viingilio hutofautiana: raia wa Kenya, wakaazi, watu wa Afrika Mashariki na wageni wa mbali kila mmoja ana bei yake, na mtoto ana yake. Bei hubadilika, kwa hiyo iangalie juma lile lile unalokwenda. Beba kitambulisho au pasipoti, kwa maana bila hicho unaweza kutozwa kama mgeni wa mbali. Malipo siku hizi hupitia mfumo wa serikali wa eCitizen, basi uwe na simu yenye chaji, bando, na pesa kwenye M-Pesa. Nimemwona mzee mmoja langoni, noti mkononi, simu imezimika, wajukuu wanne nyuma yake. Tulimsaidia, lakini dakika zile za aibu hazikuwa na haja ya kuwepo.

Ukitoka katikati ya jiji kwa matatu, panda ya namba 24 inayopitia Lang'ata kwenda Karen, na umwambie makanga mapema akushushe makumbusho ya Karen Blixen. Sisitiza neno makumbusho, kwa sababu jirani upo mkahawa wenye bustani na nyumba za kulala wageni uliochukua jina lilo hilo, na wengi hujikuta wameshushwa kule. Ukienda kwa gari lako Jumamosi, ondoka mapema, maana barabara za Karen hujaa kuanzia adhuhuri.

Hali ya hewa usiidharau. Sehemu ile iko juu kuliko jiji, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na binamu zangu wa Mombasa walitetemeka mwezi wa saba kama waliopelekwa Ulaya. Julai na Agosti beba sweta hata kama jua linawaka Nairobi. Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, beba mwavuli na uvae viatu vilivyofungwa, kwa sababu nusu ya uzuri wa mahali hapa uko nje, na nyasi zikilowa hazimhurumii aliyevaa kandambili. Kuna siri moja kuhusu vilima: asubuhi baada ya usiku wa mvua, Ngong huonekana karibu kiasi kwamba unaweza kuhesabu mikunjo ya vilele vyake. Mchana wa joto na vumbi huwa kivuli tu. Kwa hiyo mimi huwaambia watu wafike saa tatu asubuhi, tena kabla mabasi ya shule hayajafika.

Ndani ya nyumba, jiandae kwa mambo mawili. Kwanza, kupiga picha vyumbani kwa kawaida hairuhusiwi, hivyo uliza kabla ya kutoa simu. Mimi nimekuja kulishukuru katazo hilo: watu wakiweka simu mfukoni huanza kuona rangi ya mbao kutani, urefu wa dari, na jinsi mwanga wa dirisha unavyoangukia meza ya kulia. Pili, vyumba ni vyembamba kwa kundi kubwa. Mkiwa zaidi ya kumi, kubalianeni mapema mgawanyike, nusu waanze bustanini na nusu ndani. Nendeni taratibu na wazee, maana kuna vizingiti na ngazi, na sakafu iliyopigwa polishi huteleza.

Usitoke bila kwenda jikoni. Jiko limejengwa kando, nyuma ya nyumba, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule, ili moshi na joto visiingie kwa wenye nyumba. Wengi hulipita kwa sababu hawaoni umaridadi wowote pale. Mimi husimama pale kuliko mahali pengine popote. Jaribu kuhesabu hatua kutoka jikoni hadi chumba cha kulia, halafu mfikirie mtu amebeba supu ya moto, usiku, mvua inanyesha. Kwa macho yangu, hatua hizo zinaieleza nyumba kuliko kibao chochote cha ukutani.

Nyuma ya nyumba pia utaona jiwe la kinu lililogeuzwa meza. Katika kumbukumbu zake Karen anaeleza kwamba jiwe hilo lilitoka Bombay, na kwamba alikuwa akiketi hapo kuzungumza na watu wa shambani na kusikiliza mashauri yao. Weka kiganja juu yake, uusikie ubaridi. Hapo ndipo watu wa shamba walipomfikia yule waliyemwita Msabu, neno lililotokana na memsahibu, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili, ambacho si yeye wala wao aliyezaliwa nacho. Farah Aden, Msomali aliyekuwa msimamizi wake wa nyumba tangu mwanzo, alisimama kati ya pande mbili akieleza huku na huku. Mwombe mwongozaji akusimulie habari za Farah.

Bustani nayo itengee angalau saa nzima. Mbele ya veranda nyasi zinashuka pole pole kuelekea upande wa vilima, miti mikubwa ikitoa kivuli cha kutosha kuketi na mzee. Beba maji, na uulize langoni kama unaruhusiwa kula chochote pale nje. Kisha usiridhike na maua. Fuata njia inayoingia kwenye miti hadi kwenye vyuma vya zamani vya shamba, hasa mashine ya kukaushia kahawa, pipa kubwa la chuma lililokuwa likizungushwa na buni ndani yake. Hapo ndipo kisa cha shamba kilipo. Mibuni ilipandwa juu mno na kwenye ardhi isiyoifaa, mvua ikakosekana, na mwaka 1923 kiwanda cha kahawa kikaungua moto. Mbuni huchukua miaka minne mitano kabla ya kuzaa sawasawa, kwa hiyo kosa la mahali lilipojulikana, fedha za ukoo mzima wa Karen zilikuwa zimekwisha zikwa udongoni.

Watu huuliza kama inafaa kuunganisha ziara hii na mahali pengine siku hiyo hiyo. Inafaa, mradi upange. Kituo cha watoto wa tembo cha Sheldrick huwapokea wageni saa moja tu, saa tano hadi saa sita mchana, na lazima uwe umeweka nafasi mapema. Basi njoo Mbogani kwanza asubuhi au uiache iwe ya alasiri, ila usijaribu kuibana katikati. Kaburi la Denys Finch Hatton, rafiki mpenzi wa Karen aliyekufa kwa ajali ya ndege Voi mwezi Mei 1931, liko kwenye vilima vya Ngong. Lakini hiyo ni safari ya siku nyingine, na ya kwenda na mtu anayeijua njia.

La mwisho ni nani wa kwenda naye. Kama kuna mtu mzima katika ukoo wenu aliyewahi kufanya kazi kwenye shamba la kahawa, mchukue. Mimi nilimchukua shangazi, aliyechuma kahawa Kiambu ujana wake wote akilipwa kwa debe. Vyumbani alitembea kimya, mikono nyuma, kama yuko kanisani. Tulipofika kwenye mashine ile ya kukaushia aliikaribia, akaigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza mlio wake. Kisha akaanza kutueleza: jinsi unavyojua buni imekauka kwa kuing'ata, jinsi maji ya kahawa mbichi yanavyokwama kwenye kucha juma zima, jinsi mnyapara alivyolitikisa debe lishuke ili uongeze. Mwongozaji, kijana mdogo, aliacha kueleza akatoa daftari. Tulikaa hapo chini ya miti hadi jua likageuka, na shangazi ndiye aliyekuwa akiulizwa maswali.