Kabla hujamsimulia mgeni mambo ya zamani kwa Kiingereza

Wadogo zangu mnaojiandaa kuongoza wageni hapa Kigoma, iwe Ujiji, Gombe au kule bandarini, kuna kitu kinaniuma sana. Kiingereza tunacho, ila tukifika kwenye "zamani watu walikuwa wanafanya hivi" tunavurugika, mtu anashika "were" anaibandika kila mahali, "people were coming, they were carrying, they were sleeping here", mgeni anaelewa unamsimulia siku moja tu kumbe wewe unaongelea mazoea ya miaka na miaka.

Kwaiyo kabla hujakutana na mgeni, kaa chini na stori zako uzitenganishe, maana kazi yote ipo hapo. Kitu kilichotokea mara moja hakitaki mbwembwe. Mwandishi wa habari Stanley alimkuta mmisionari Livingstone Ujiji mwaka 1871, hiyo ni "met" basi, ukisema "used to meet" umewafanya kama walikuwa wanakutana kila wiki. Hata ukitaja muda au idadi ni hivyohivyo, "my grandfather worked at the port for twenty years", usiweke "used to" hapo.

Vitendo vilivyojirudia ndo vina raha yake. Anza na "used to" ili mgeni ajue upo zamani, afu endelea na "would" taratibu: "Caravans used to come here from the coast. They would walk for months, and on the way back the porters would carry ivory." Ukianza na "would" bila kutaja ni enzi zipi, mgeni anabaki anasubiri "if" yako, kwa sababu hiyo "would" ina kazi nyingine ya mambo ya kufikirika. Taja wakati kwanza, hata "in those days" inatosha.

Hali je? Hapa "would" inagoma. Kuwa, kuishi, kuwa na kitu, kujua, kupenda, zote hizo ni "used to". Mfano mzuri ni meli yetu ya Liemba, Wajerumani waliishusha majini 1915 ikiwa na jina lingine, kwaiyo unasema "the Liemba used to be called Graf von Götzen". Ukiweka "would be called" maana inahama kabisa.

Sasa hili naomba mlishike kuliko yote, "used to" inabeba ujumbe kwamba kitu kimeisha. Ukimwambia mgeni "fishermen here used to fish dagaa at night" umeua uvuvi wa pale Kibirizi, hapahapa Kigoma, kwa sentensi moja, wakati giza likiingia mitumbwi inatoka kama kawaida, labda mbalamwezi iwe kali. Sema tu "they fish at night". Kilichobadilika ni taa, wengi wameacha karabai wanatumia za betri, basi hapo ndo "they used to light karabai lamps" inakaa sawa. Na usichanganye na "I am used to", hiyo ni umezoea, "I am used to waking up early", bado unaamka mapema mpaka leo.

Matamshi nayo yapangeni, ni "yusta", s siyo z, na ukikanusha, kwenye maandishi d inaondoka, "they didn't use to".

Mkishamaliza jipimeni na stori ya Gombe maana ina kila kitu. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alifika 1960, hiyo ni "arrived". Yeye na wenzake walikuwa wanawapa sokwe ndizi pale kambini, na siku hizi sokwe hawapewi tena, kwaiyo "they used to give the chimps bananas", afu unaendelea "the chimps would come down to the camp and eat".