Mzungumzishe Kabla Hajavua: Mwongozo wa Kupima Mlango wa Kizazi kwa Ridhaa na Staha

Mwanamke anayekuja kupimwa saratani ya mlango wa kizazi mara nyingi si mgonjwa. Amekuja kwa hiari, pengine baada ya kusikia tangazo kanisani, msikitini au kliniki alikompeleka mtoto, na hana maumivu yanayomlazimisha kuvumilia karaha atakayopewa. Akiudhiwa hatakwenda kwa mganga mkuu kulalamika. Ataondoka kimya, tarehe ya kurudi itapita, na jioni hiyohiyo wifi yake na majirani watajua kwa nini wasithubutu kwenda. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilipitisha lengo kwamba ifikapo 2030 asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa wakifikisha miaka 35, na wapimwe tena wakifikisha 45. Kwetu sisi tunaoshika spekulamu, kifaa cha kufungulia uke ili mlango wa kizazi uonekane, neno zito katika lengo hilo ni “tena”.

Mwongozo huu unamhusu muuguzi, mkunga, tabibu au daktari anayepima kwa spekulamu na siki, ambayo hufanya sehemu zenye mabadiliko zionekane nyeupe, yaani kipimo cha VIA, ingawa mwingi unafaa kwa uchunguzi wowote wa uke. Mwanamke anayesubiri zamu yake naye anaweza kuusoma ili ajue anachostahili kupewa.

Chumba

Anza kwa kukiweka kitanda vizuri. Miguu ya mwanamke isielekee mlangoni, kwa sababu hata mlango usipofunguliwa, yeye atakuwa akiutazama muda wote na kuukazia misuli. Ikiwa chumba hakiruhusu, weka pazia au kisitiri kati ya kitanda na mlango. Vifaa vyote viwe mezani kabla hajaingia, pamoja na maji ya uvuguvugu na spekulamu za ukubwa tofauti, usije ukamwacha amelala hivyo ukaenda chumba cha jirani kufuata pamba. Waambie wenzako mapema kwamba mlango ukiwa na kibao cha “Uchunguzi unaendelea” hakuna anayeingia, hata anayetaka kuchukua rejista kwa sekunde moja. Mwache ajifunike kwa kanga au kitenge chake mwenyewe akipenda. Kitambaa anachokijua kinamstiri kuliko shuka la hospitali lenye harufu ya dawa.

Mazungumzo kabla ya kitanda

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo tunapoharakisha zaidi kwa kisingizio cha foleni. Mzungumzishe akiwa amekaa kwenye kiti, amevaa nguo zake zote, nawe umekaa, macho yenu yakiwa usawa mmoja. Mtu aliyekwisha kuvua yuko katika hali ya kukubali lolote ili aondoke, kwa hiyo maelezo anayopewa wakati huo hayamsaidii.

Msalimie kama ambavyo ungemsalimia nje ya hospitali. Muuguzi wa miaka 25 anayempima mwanamke wa makamo aseme “shikamoo, mama” kabla ya kuuliza jina, kisha ajitambulishe kwa jina na kazi yake. Salamu hiyo inamrudishia mama nafasi yake ya ukubwa ambayo dakika chache baadaye italegezwa, na anayeiruka kwa haraka atalipa muda huo mara mbili pale misuli itakapokataa kulegea.

Aliyesindikizwa na mume, mama mkwe au binti aulizwe faraghani kama anataka awe naye ndani. Ukiwa naye peke yake, uliza maswali yanayobadilisha namna utakavyofanya kazi: hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini, kama anaweza kuwa na ujauzito, kama amewahi kufanya tendo la ndoa, kama amewahi kupimwa hivi na ilikuwaje. Hali ya VVU nayo ni muhimu, kwa kuwa wanaoishi na virusi hivyo hushauriwa kuanza kupimwa wakiwa na miaka 25 badala ya 30 na kurudi mapema zaidi, lakini swali hilo halipaswi kusikika upande wa pili wa pazia. Mwisho uliza hivi: “Kuna jambo lolote linalofanya uchunguzi wa namna hii uwe mgumu kwako? Huna lazima ya kunieleza ni lipi.” Aliyewahi kubakwa, aliyekeketwa, ambaye uke wake hukakamaa wenyewe kwa hofu, na aliyekoma hedhi ambaye uke wake umekuwa mkavu, wote wanaweza kujibu “lipo” bila kulazimika kusimulia maisha yao kwa mtu waliyekutana naye sasa hivi.

Kisha eleza utakachofanya, kwa maneno ya kawaida. Mwonyeshe spekulamu, kifaa chenye umbo la mdomo wa bata, na umwache aishike na kuifungua. Mwambie kwamba atahisi kitu kikisukuma, kwamba siki inaweza kuwasha kidogo, kwamba kazi nzima ni dakika chache, na kwamba kizazi hakikatwi wala hakitolewi. Hilo la mwisho usiliruke, maana uvumi huo unatembea.

Ridhaa

Alama ya dole gumba kwenye fomu ni kumbukumbu kwamba mazungumzo yalifanyika. Ikiwa hayakufanyika, ni wino tu. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma amweleze mtu hali yake, njia zilizopo, faida, hatari na haki yake ya kukataa, kwa lugha anayoielewa.

Tahadhari na adabu yetu wenyewe. Mswahili akiambiwa jambo na mtu mwenye koti jeupe atasema “haya” au “sawa, dokta” hata kama moyoni amekataa, na si ajabu kwamba neno lilelile la “haya” ndilo tunalolitumia kwa aibu. Kwa hiyo usiishie kuuliza “umeelewa?” Sema, “Hebu nieleze wewe kwa maneno yako, leo tutafanya nini, na ukitaka niache utafanyaje?” Akishindwa kueleza, aliyekosea ni aliyefafanua, na maelezo yarudiwe. Mpe pia nafasi ya kweli ya kusema hapana: anaweza kuja siku nyingine, anaweza kuomba apimwe na mwanamke mwenzake, na mahali penye kipimo cha HPV, kirusi kinachosababisha saratani hii, anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe kwa kijiti laini, bila spekulamu kabisa. Mwanamke mtu mzima anajiridhia mwenyewe. Akitaka kushauriana na mumewe ni hiari yake, lakini mtoa huduma hana ruhusa ya kumtuma nyumbani akalete kibali.

Wanafunzi waombewe ruhusa kabla hajavua, wakiwa nje ya chumba, kwa sababu ni vigumu kumkataa mtu ambaye tayari amesimama miguuni pako na daftari. Vivyo hivyo kwa mtu wa tatu anayekaa chumbani kama shahidi, ambaye kila mwanamke anapaswa kupewa nafasi ya kuwa naye, hasa mpimaji akiwa mwanamume.

Wanaodhani kwamba mambo haya yote ni urasimu wakumbuke historia ya taaluma hii. Katika miaka ya 1840, huko Alabama nchini Marekani, daktari J. Marion Sims aliwafanyia upasuaji wa majaribio mara nyingi, bila dawa ya ganzi, wanawake watumwa ambao watatu kati yao tunawajua kwa majina ya Anarcha, Betsey na Lucy. Hawakuwa na uwezo wa kukataa. Sanamu ya Sims iliondolewa Central Park, New York, mwaka 2018, lakini moja ya spekulamu tunazofundishwa bado ina jina lake.

Wakati wa kupima

Mwache akojoe kwanza, kisha toka au geuka wakati anavua. Nguo za juu hazina haja ya kuguswa. Kichwa chake kiinuliwe kidogo kwa mto ili muonane. Kubalianeni ishara, kama vile kuinua mkono, na umwahidi kwamba akiinua utasimama. Ahadi hiyo ni lazima itimizwe mara ya kwanza kabisa, bila “ngoja kidogo, namalizia”. Anayebana magoti, anayejisogeza juu kitandani au aliyenyamaza ghafla na kukodolea macho dari naye ameinua mkono kwa namna yake. Simama, uliza.

Sema kabla ya kugusa, na anza mbali: “Nakugusa paja kwa mgongo wa mkono wangu.” Lowesha spekulamu kwa maji ya uvuguvugu, iguse kwenye paja lake umwulize kama ni baridi, kisha omba: “Naweza kuanza?” Tumia ndogo kuliko zote inayokuwezesha kuona. Iingize taratibu anapotoa pumzi, ukiielekeza chini upande wa nyuma, kwa sababu upande wa mbele ndiko uliko mrija wa mkojo na ndiko kunakouma. Ambaye anaogopa sana anaweza kuiingiza mwenyewe kwa mkono wake ukimwelekeza. Wengi hulegea papo hapo. Mlango wa kizazi usipoonekana, mwombe aweke ngumi mbili chini ya makalio kabla ya kuanza kuzungushazungusha.

Siki ya asilimia 3 hadi 5 inahitaji kama dakika moja kabla ya kusoma majibu, na kwa aliyelala pale dakika hiyo ni ndefu. Mwambie ni dakika moja, kisha zungumza naye. Usishangae kwa sauti kwa unachokiona, usimwite mwenzako aje atazame bila kumwomba ruhusa, na simu ibaki mfukoni. Unapotoa spekulamu, iondoe kwanza kwenye mlango wa kizazi kabla ya kuifunga, usije ukaibana nyama.

Maneno mengine hayana nafasi chumbani. “Jikaze” linamwambia afanye kinyume cha unachokitaka. “Panua” ni amri. “Acha magoti yaanguke pembeni yenyewe” inatosha. Na kejeli ile inayosikika pia kwenye wodi za wazazi, ya kwamba mbona kwa mumeo huoni aibu, ni matusi yanayopita kama utani.

Baada ya hapo

Mpe karatasi ya kujifutia na pedi, mwache avae, ndipo umpe majibu, naye amekaa kwenye kile kiti cha mwanzo. Akiwa na madoa meupe, mwambie moja kwa moja kwamba hayo mara nyingi ni mabadiliko yanayotibika kabla hayajawa saratani, kwa maana akisikia neno “chanya” bila maelezo atakuwa ameanza kupanga mazishi kabla hujamaliza sentensi. Akikidhi vigezo vya kutibiwa siku hiyohiyo, kwa tiba mgando, yaani kuigandisha sehemu yenye mabadiliko, au kwa joto, ridhaa iombwe upya: alikubali kutazamwa, hajakubali kutibiwa. Anahitaji kujua kwamba atatokwa na majimaji kwa wiki kadhaa na kwamba atapaswa kujizuia na tendo la ndoa kwa muda, jambo ambalo huenda akataka kulizungumza nyumbani kwanza.

Kwenye kadi yake usiandike matokeo pekee. Andika kwamba spekulamu ndogo ilifaa, kwamba aliiingiza mwenyewe, kwamba tulisimama mara mbili, kwamba anapendelea kupimwa na mwanamke, ili atakayempokea baada ya miaka mitatu asianze naye upya.